Mgeni Anayebisha Hodi kwa Ajili ya Mpira wa Wavu

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuzitazama kazi ambazo watu huziona kila siku lakini hawazijui. Leo tunapanda mlima kidogo. Tunaitazama kazi ya kocha msaidizi wa mpira wa wavu chuoni, yule ambaye, pamoja na kufunga nyavu na kujaza mipira upepo, hukabidhiwa jukumu la kwenda kutafuta wachezaji.

Yawezekana hujapata kumsikia. Timu ikishinda husifiwa kocha mkuu, na ikishindwa hulaumiwa yeye huyo. Msaidizi hatajwi. Lakini ikiwa una binti wa kidato cha nne au cha sita, mrefu wa kimo na mwepesi wa miguu, nanyi mnaishi Kibosho, Uru, Machame, Kilema au Rombo, basi huyu asiyetajwa ndiye atakayebisha hodi mlangoni kwako. Atakunywa chai yako, atamsifia mtoto wako, na mwishowe atakuomba umkabidhi. Yafaa umjue kabla hajafika.

KWA NINI MLIMANI

Mpira wa wavu ni mchezo wa mahali padogo. Uliasisiwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi katika mji wa Holyoke, Marekani, na tangu ulipoingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 umekuwa mchezo wa dunia nzima. Uwanja wake una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, yaani mita za mraba 162 tu. Katika eneo la uwanja mmoja wa kandanda vyaweza kuingia viwanja zaidi ya 40 vya wavu.

Mwenyeji wa Kilimanjaro hahitaji kufafanuliwa maana ya hesabu hiyo. Huku kwetu ardhi ni mteremko, na kila hatua ya tambarare ina mwenyewe. Kihamba kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu. Shule iliyojengwa mgongoni mwa mlima aghalabu haina pa kuweka uwanja wa kandanda ulio sawa, lakini wanafunzi wenye majembe waweza kusawazisha mahali pa wavu. Milingoti miwili, wavu, mistari ya majivu, na mchezo umeanza. Masika yakiingia udongo huu mwekundu hugeuka utelezi, na mazoezi husimama mpaka jua litoke.

Chini ya mlima, mjini Moshi na kando yake, ziko taasisi za elimu za kila namna. Chuo cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963, leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Pako Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, na pako mafunzo ya uganga na uuguzi ya KCMC. Juu kidogo kiko Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, nacho cha mwaka 1963, na viko vyuo vya ualimu vya Marangu, Mandaka na Singachini. Basi kati ya viwanja vidogo vya juu na vyuo vya chini ipo njia, na juu ya njia hiyo kocha msaidizi hufanya kazi yake.

JINSI MTU ANAVYOIINGIA KAZI HII

Hakuna anayezaliwa kocha msaidizi. Aghalabu alikuwa mchezaji. Alimaliza masomo, goti likaanza kumsumbua au umri ukamzidi, lakini hakuweza kuuacha uwanja. Akaanza kwa kuokota mipira wakati wa mazoezi, akaombwa kuandika hesabu za mchezo, na siku moja kocha mkuu alipopata udhuru akaambiwa asimamie. Ndivyo wengi walivyoingia.

Aliye na bahati huenda shule. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba katika mkoa wa Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya viungo na michezo. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, lililoundwa Paris mwaka 1947, lina kozi za makocha zilizopangwa kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Hapa nchini tunalo Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na chini yake vyama vya michezo, kikiwamo cha mpira wa wavu.

Katika vyuo vikubwa vya Marekani kazi hii ni ajira kamili. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu iliyopokea fedha za serikali kuu iliwafungulia wasichana milango ya michezo, na mwaka 1981 chama kikuu cha michezo ya vyuo huko kilianzisha mashindano ya wanawake ya mpira wa wavu. Kwa miaka mingi kanuni ziliruhusu kocha mkuu mmoja na wasaidizi wawili wa mshahara, na mmoja wa wasaidizi hao kwa kawaida ndiye aliyeshika daftari la kutafuta wachezaji. Kitabu cha kanuni humweleza ni lini anaruhusiwa kuzungumza na mwanafunzi na ni lini hata salamu ni kosa.

Kwetu sivyo. Aghalabu kocha msaidizi wa chuo ni mhadhiri, karani, mlezi wa bweni au mwanafunzi wa zamani aliyeongezewa jukumu hili juu ya kazi yake nyingine. Nauli ya kupanda Kibosho huweza kutoka mfukoni mwake. Watu wanaoifanya kazi namna hiyo huifanya kwa mapenzi, na mapenzi ni jambo jema. Lakini kazi isiyo na cheo, posho wala msimamizi ina hatari yake, nayo tutaifikia.

JICHO LA MTAFUTAJI

Mtafutaji wachezaji huenda kwenye mashindano ya shule. Yapo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, ambayo huanzia mashuleni, yakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Atamkuta ameketi peke yake, mbali na washangiliaji, na daftari magotini.

Wengi hudhani anatazama urefu. Urefu anautazama, maana wavu wa wanawake uko mita 2.24 kutoka chini, na asiyeufikia hawezi kuzuia mpira. Lakini urefu hata kipofu angeuambiwa. Yeye anatazama miguu: je, binti amekwishafika pale mpira unapokwenda, au anaanza kukimbia baada ya kuuona unaanguka? Anatazama mikono: je, mpira ukimgusa unatulia, au unaruka kama umegonga ukuta?

Zaidi ya hayo anatazama mambo yasiyoandikwa katika hesabu za mchezo. Binti akikosea, uso wake hugeukia wapi? Kwa mwenzake, kumlaumu? Kwa mwamuzi? Au hurudi mahali pake na kuinama tena, tayari kwa mpira ufuatao? Akitolewa nje, huketi na kununa, au huwapelekea wenzake maji? Mchezo huu una sheria isiyopatikana katika michezo mingi: mchezaji haruhusiwi kuugusa mpira mara mbili mfululizo, isipokuwa katika hali chache, na upande mmoja una miguso mitatu tu ya kuurudisha. Kwa hiyo mtu hawezi kucheza peke yake hata akiwa hodari namna gani. Anayepiga mpira wa mwisho hushangiliwa, lakini mpira huo ulipokelewa na mwingine na kupandishwa na mwingine.

Na mfupi asikate tamaa. Mwaka 1998 sheria za kimataifa zilimpa nafasi mchezaji wa nyuma anayevaa fulana ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira tu. Haruhusiwi kuzuia wavuni. Binti wa kimo cha wastani mwenye macho makali na moyo wa kujitupa chini ana mahali pake leo, mahali ambapo dada zake wa miaka ya 1970 hawakuwa napo. Mtafutaji mwenye akili humtafuta huyo kwa bidii ile ile anayomtafutia aliye mrefu.

SHINA LA MGOMBA

Kwa nini atafute kila mwaka? Kwa sababu timu ya chuo haina wazee. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu, stashahada ni pungufu ya hapo. Mchezaji akiisha kuiva, anavaa joho na kuondoka.

Mkulima wa mlimani alikwishalitatua tatizo hili zamani. Katika shina moja la migomba haachi machipukizi yote yakue, wala hayakati yote. Huacha mama anayebeba mkungu, binti anayefuata, na mjukuu anayechomoza. Mama akikatwa, binti yu tayari. Aliyeacha mama peke yake atakula ndizi msimu mmoja na kulala njaa unaofuata. Aliyeacha machipukizi kumi atapata mikungu myembamba kama vidole.

Kocha msaidizi hodari huijenga timu vivyo hivyo: wa mwaka wa tatu wabebe mkungu, wa pili wajifunze kando yao, na wa kwanza wapewe muda. Ndiyo maana akija kwako, ndugu mzazi, umuulize mwanao atakuwa wa wapi katika shina. Kama anakuambia binti wa mwaka wa kwanza ataongoza timu tangu wiki ya kwanza, ama timu yake haina mama, ama anakubembeleza.

UFUNGUO ASIOKUWA NAO

Sasa tuingie katika kiini cha makala yetu. Kocha msaidizi akiwa sebuleni kwako, anatoa ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili lina tabia mbaya: anayeliahidi ni mmoja, na anayetakiwa kulilipa ni mwingine.

Katika Marekani kocha aliweza kuahidi ada. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wasichana 12 wa mpira wa wavu, na hapo ahadi ilikuwa na karatasi yenye sahihi. Hapa kwetu kuingia chuoni kwenda kwa matokeo ya mtihani. Astashahada kwa kawaida inadai ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne. Shahada, kwa aliyetoka kidato cha sita, inadai masomo mawili ya tahasusi kwa alama zilizowekwa. Mikopo nayo ina bodi yake na vigezo vyake. Kocha msaidizi hana ufunguo wa mlango wowote kati ya hiyo. Anachoweza ni kumweleza binti masharti, kumkumbusha tarehe za maombi, kumsaidia kujaza fomu, na kumtafutia mwenyeji atakapofika. Msaada huo si mdogo, na kocha mwaminifu huutaja kwa ukubwa wake, bila kuuongezea.

Anayesema “mama, usijali matokeo, nitazungumza na wakubwa” ama anadanganya, ama anataka kuvunja taratibu. Katika hali zote mbili mwenye kuumia ni mtoto. Atapuuza vitabu kidato cha nne kwa kuwa ameahidiwa chuo, na mwezi wa matokeo ukifika, mwenye ahadi hapokei simu.

Iko hatari nyingine, na gazeti la familia halina haki ya kuifumbia macho. Mtu anayeweza kumpa binti nafasi katika timu ana mamlaka juu yake. Akiwa mbali na nyumbani, safarini, jioni baada ya mazoezi, mamlaka hayo yaweza kugeuzwa kuwa bei. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja waziwazi kosa la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe nafasi au upendeleo. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama amewazidi kimo wazazi wake wote wawili. Makocha walio wengi ni watu wa heshima. Lakini heshima ya mtu haizuii kuulizwa, na mwenye heshima hakasiriki akiulizwa.

TUWATAZAME JIRANI

Kenya wametutangulia katika mchezo huu. Timu yao ya taifa ya wanawake imefika Olimpiki mara nne: Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo katika michezo iliyofanyika 2021, na Paris 2024. Nyuma ya timu hiyo zipo shule kama Kwanthanze ya Machakos, na vilabu vya mashirika kama Kenya Pipeline, Magereza na benki ya KCB. Binti mwenye kipaji hufuatiliwa tangu sekondari, na kwa klabu kama ya Magereza wavu umekuwa pia mlango wa ajira. Goti likigoma, hubaki na kazi. Hapa nyumbani vikosi vyetu, kama Jeshi na Magereza, vimefuata njia inayofanana na hiyo.

Kutoka Kenya lipo pia funzo kwa wasaidizi wenyewe. Paul Bitok, mchezaji wa zamani wa taifa lake aliyekuwa amekwisha kuongoza timu za taifa, alikwenda Tokyo akiwa msaidizi wa Mbrazili Luizomar de Moura. Baadaye mwaka huo huo wa 2021 alirudi kuiongoza timu hiyo katika mashindano ya Afrika. Usaidizi si unyonge. Mtu mzima aweza kushuka ngazi moja kwa faida ya timu, na kuipanda tena bila kupungukiwa na kitu.

MASWALI YA SEBULENI

Basi, ndugu mzazi, siku hodi itakapopigwa, karibisha. Mgeni apewe kiti na chai, kama ilivyo desturi. Kisha, kabla ya kuzungumzia mpira, muulize haya.

Kwanza: umetumwa na nani, na barua yako iko wapi? Anayetafuta wachezaji kwa niaba ya chuo awe na barua ya chuo, na mkuu wa shule ya mtoto awe amekwisha kuiona.

Pili: wachezaji uliowachukua miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kocha anayeijua kazi yake atakujibu mmoja mmoja: huyu amehitimu ualimu, yule ni muuguzi, wa tatu alishindwa masomo nasi tunajilaumu kwa hilo. Anayejua idadi ya vikombe lakini hajui majina ya waliohitimu amekwisha kukujibu.

Tatu: mazoezi ni saa ngapi, na mtihani ukigongana na mechi, kinachoahirishwa ni kipi?

Nne: akiumia, matibabu ni ya nani? Ataendelea kukaa bwenini, au fadhila zote zitakwisha siku ile atakapoanza kuchechemea?

Tano: safarini anakuwapo mwanamke mlezi? Wasichana wanalala wapi, na nani anashika ufunguo?

Kisha, baada ya mgeni kuondoka, mwite binti na umsikilize yeye. Wazazi wengi husahau swali hilo dogo. Pengine anaupenda mchezo, pengine anapenda sifa tu, pengine moyo wake uko katika hesabu na wavu kwake ni burudani ya jioni. Yote matatu ni halali, lakini kila moja lina njia yake.

Kwa wakuu wa vyuo tuna neno pia. Msimtume mtu mlimani kutoa ahadi ambazo hamkukubaliana kuzilipa. Mpeni kocha msaidizi barua, nauli na mipaka iliyoandikwa, na mwisho wa mwaka mkiuliza idadi ya vikombe, ulizeni pia idadi ya wachezaji waliofaulu mitihani. Mtu anayepanda Uru kwa miguu kwenye mvua ya masika kwa ajili ya timu yenu hastahili kukumbukwa pale tu nyavu zinapokuwa zimechanika.

Na kwako, kocha msaidizi, uliyesoma makala hii hadi hapa pengine kwa manung'uniko: hatukuandika ili milango ifungwe usoni pako. Baba aliyepata majibu ya maswali matano atamtoa binti yake kwa moyo mweupe, na mwaka utakaofuata atakuitia jirani yake mwenye binti mwingine. Aliyedanganywa atakisimulia kijiji kizima kanisani, msikitini na gulioni, na utapanda mlima ule bure miaka kumi.

Msomaji aliyewahi kumpokea mgeni wa namna hii, au aliyewahi kuwa mgeni mwenyewe, anakaribishwa kutuandikia. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutaitazama kazi ya mpiga chapa wa vitenge.